Saa ya kuondoka na saa ya kushuka: kisa cha boti iliyopwelewa Songo Mnara

Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2025, saa 4 na robo asubuhi, boti yetu ilikaa kwenye tope kiasi cha mita 400 kutoka kisiwa cha Songo Mnara, huko Kilwa. Haikugonga mwamba, na mashine haikufa. Maji yalikuwa yameondoka chini yetu. Tulikuwa abiria 14, wakiwemo watoto watatu na mama mzazi wa mwenzetu mmoja, mwenye umri wa miaka 67 na goti linalomsumbua siku nyingi. Nahodha alizima mashine, akaitazama mikoko iliyokuwa mbele yetu, akasema kwa upole: "Maji yametoka. Wanaoweza, tushuke hapa."

Mpangaji wa safari ile nilikuwa mimi. Kwa wiki tatu nilihangaika na michango, basi, vyumba, chakula cha watoto na dawa za kichefuchefu, na sikuwahi hata mara moja kumuuliza mtu maji yatakuwaje siku hiyo. Tangu turudi, vikundi viwili vya marafiki vimeniomba ratiba yetu ya Kilwa. Nimeona niwape kisa chenyewe, kwa urefu wake, kwa sababu ratiba ile ukiisoma kwenye karatasi haina kasoro ambayo mtu wa bara anaweza kuiona.

Mji ulioko mwisho wa barabara

Kilwa Masoko iko kilomita zipatazo 300 kusini mwa Dar es Salaam. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri alikuwa akingoja kivuko pale Rufiji na hajui atafika lini. Siku hizi ni saa 5 au 6 kwa basi. Hata hivyo Masoko si mji wa kupitia ukielekea kwingine: unaiacha barabara kuu Nangurukuru, unakata kushoto kuelekea baharini, na barabara inaishia majini. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu pale Somanga, na magari ya Kusini yakakwama. Nalitaja hilo ili mtu aelewe uzito wa kosa dogo mahali kama hapa. Aliyefika Kilwa kwa gharama na uchovu huo harudi wiki inayofuata kukifuata alichokikosa.

Wageni wengi wanafuata visiwa viwili. Kilwa Kisiwani iko ng'ambo tu ya mji, unaiona ukiwa umesimama ufukweni Masoko, na kwa boti ya mashine ni mwendo wa dakika chache. Huko kuna Msikiti Mkuu wenye kuba zake, kuna ngome iitwayo Gereza ukingoni mwa maji, na juu ya jabali kuna Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, yenye birika la pembe nane. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapo mwaka 1331. Songo Mnara iko kusini zaidi, mwendo wa saa moja na zaidi majini, kutegemea upepo. Magofu ya visiwa vyote viwili yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati.

Kwangu mimi Songo Mnara ndiyo inayogusa zaidi. Kilwa Kisiwani unaona fahari ya masultani. Songo Mnara unaona mji wa watu: misikiti mitano, kasri moja na nyumba thelathini na kitu za mawe ya matumbawe na chokaa, zote ndani ya ukuta. Unapita mlangoni, unakuta baraza, unakuta zidaka, yaani vishimo vya kuwekea vitu, ukutani, na huhitaji mtu akuambie kwamba hapa palikuwa pa kukaa na pale pa kulala. Ndiyo maana nilitaka mama yule afike. Alikulia Bagamoyo kwenye nyumba ya mawe, na njiani nzima alikuwa akiuliza kama za Songo Mnara zina zidaka.

Jambo moja nililisoma kabla ya safari, nikalipita bila kulitafakari. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema Ali bin Hasani wa Shirazi alikinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo, nguo za kutosha kukizunguka chote. Siku hizo, yanasema masimulizi, maji yakipwa watu walivuka kutoka bara kwa miguu. Yule aliyeuza akakusudia kungoja maji yatoke arudi kukitwaa kisiwa chake. Mshirazi akakichimba kivuko, maji yakawa hayakauki tena. Sitaingia katika mjadala wa wanahistoria kuhusu habari hiyo. Ninachokiona leo ni kwamba mji huu unasimulia hata kuzaliwa kwake kwa kujaa na kupwa kwa maji, nami nikaupangia safari kwa saa ya ukutani.

Ratiba isiyo na kasoro

Nane Nane ya mwaka 2025 iliangukia Ijumaa, tukapata siku tatu. Ijumaa tutoke Dar, Jumamosi visiwa vyote viwili, Jumapili tupite Kivinje tukaone boma la Wajerumani na Mwembekinyonga, halafu nyumbani. Jumamosi tulianza na Songo Mnara kwa sababu ni mbali, tumalizie na Kisiwani kwa sababu ni karibu. Kwa safari ya gari hiyo ni akili ya kawaida kabisa: cha mbali asubuhi watu wakiwa na nguvu, cha karibu jioni wakiwa wamechoka.

Wenzetu wawili walikuwa na ombi lao. Walitaka mbalamwezi. Walitaka usiku wa Jumamosi tukae ufukweni Jimbiza, tuchome samaki chini ya mwezi mpevu. Nilipoangalia nikakuta mwezi unakuwa mpevu tarehe 9 yenyewe, Jumamosi, nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu.

Boti tuliipata kwa simu, kupitia kijana wa pale anayeunganisha wageni na manahodha. Ujumbe wangu bado ninao: "Jumamosi saa 2 kamili asubuhi tunataka kwenda Songo Mnara, watu 14, inawezekana?" Jibu lilirudi baada ya dakika kumi: "Inawezekana kabisa, karibuni sana."

Siku yenyewe

Magofu yako chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na kibali unakichukua Masoko kabla ya kupanda chombo. Tulilipa asubuhi ile, tukapewa mwongozaji, na saa 2 na nusu tulikuwa majini. Kusi ya Agosti, upepo wa msimu utokao kusini, ilikuwa usoni mwetu. Boti ilikuwa ikipanda wimbi na kushuka, na kila ikishuka maji yaliruka omo, sehemu ya mbele, yakatupata kifuani. Watoto walifunikwa kwa turubai. Mama tulimkalisha tezini, sehemu ya nyuma, karibu na nahodha, ambako rusha za maji hazifiki sana, akajifunika kanga mpaka puani na hakulalamika.

Ilipokaribia saa 4 rangi ya bahari ilianza kubadilika. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa kahawia, na chini yake nikaona majani ya bahari yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Baharia alisimama omo na upondo, akawa anauchoma chini kila baada ya muda na kumwambia nahodha kina kilichobaki. Mara ya mwisho hakusema kitu, aliunyanyua upondo tu akamwonyesha alama ya maji ilipofika. Tukakaa.

Kitu ambacho sitakisahau ni wale wanawake. Upande wa kushoto, juu ya mwamba ulioachwa wazi na maji, walikuwa wanawake kama sita, ndoo kichwani, vijiti mkononi, wakichokoa pweza. Walikuwa wakitembea bila haraka, wakiinama, wakichungulia shimo, wakiendelea. Wametoka majumbani kwao wakijua kwamba saa ile ya siku ile bahari itakuwa imefunuka kuliko siku nyingine nyingi. Saa ileile, siku ileile, sisi tumetoka Dar es Salaam kutafuta maji ya kuelea.

Tisa tulishuka. Tope lilifika katikati ya muundi, na kila hatua lilikuwa likikivuta kiatu. Kisha ikaja mikoko yenye mizizi iliyochomoza ardhini kama vigingi, na chaza walioshikamana kwenye shina na mawe. Kijana mmoja alikatwa na chaza unyayoni. Hakikuwa kidonda kikubwa, lakini tulisimama kukisafisha na kukifunga. Mwendo wa mita 400 ulituchukua zaidi ya nusu saa. Tulipofika kwenye magofu tulikuwa tumechoka, miguu imekauka tope, na nusu ya muda wetu umekwisha. Mwongozaji alijitahidi sana. Hata hivyo watu waliokuwa wakifikiria njia ya kurudi hawakumsikiliza vizuri, na mimi ni mmoja wao.

Kwenye boti walibaki watano: mama, binti yake, watoto wawili wadogo na mwenzetu mwingine aliyejitolea kukaa nao. Maji yalipoisha kabisa boti ililala ubavu, ikabidi wote wakae upande mmoja. Turubai likawa halitoshi kuwakinga na jua. Watoto walishushwa wakacheza na kaa. Mama alikaa pale karibu saa 3 akiangalia mikoko, na nyuma ya mikoko mji aliotoka mbali kuja kuuona.

Tuliporudi, saa 7 mchana, njia tuliyojia ilikuwa tayari ina maji ya mapajani. Nahodha alitupigia kelele tusubiri ukingoni, boti imeshaanza kuelea. Saa 7 na nusu aliileta mpaka penye mikoko. Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki, kwa hiyo nitapaeleza kama nilivyopaona. Maji yalikuwa masafi. Boti ilikuwa imesimama sawa, imetulia, kwa kuwa mikoko ilikuwa inatukinga na upepo. Kutoka ubavu wake hadi mchanga mkavu zilikuwa hatua nane au kumi, maji yakifika chini ya goti. Baharia alisharuka chini, amesimama, ameunyoosha mkono kumpokea mama. Mama alikuwa amekunja kanga na ameutoa mguu mmoja nje ya boti.

Nikasema, "Hapana, jamani, tupande, tumechelewa Kisiwani."

Mama akaurudisha mguu ndani, akakaa.

Hakuna aliyenilazimisha. Ratiba ilisema Kisiwani saa 8, nikaitii ratiba. Lile tope la asubuhi ningeweza kulisamehe, kwa kuwa sikujua. Hili la saa 7 na nusu nililiona kwa macho yangu. Saa moja tu ya kungoja ingetosha mama aone nyumba zake, na maji yalikuwa bado yanapanda, yakituongezea nafasi kila dakika.

Kisiwani tulifika kusi ikitusukuma mgongoni, tukaona Gereza na Msikiti Mkuu kwa haraka, Husuni Kubwa hatukuifikia kabisa.

Tulikosea wapi

Usiku ule Jimbiza mwezi ulitoka kama tulivyoutaka. Nahodha alikuja kuchukua fedha iliyobaki, tukamkaribisha samaki, akakaa nasi. Nilimuuliza, bila ukali, kwa nini hakutuambia. Akajibu: "Mliniuliza saa ya kuondoka. Hamkuniuliza saa ya kushuka."

Simlaumu, na ningependa msomaji naye asimlaumu. Kazi ilimfikia kupitia mtu wa tatu, ikiwa imeshapangwa saa. Akisema saa 2 haifai, kwa mteja aliye mbali inasikika kama anakataa, na kuna boti nyingine zinazongoja. Tena neno "inawezekana" kwake lilikuwa la kweli. Watu wa pale hushuka kwenye tope kila siku, ni sehemu ya safari. Hakujua kwamba kati ya wale 14 kuna goti la miaka 67, kwa sababu kwenye ujumbe wangu watu walikuwa hesabu tu.

Elimu yenyewe ya maji si ngumu, na nilielezwa yote usiku ule kabla samaki hajaiva. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana, na kati ya kujaa na kupwa tofauti hupita mita 3. Baada ya wiki hivi, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haitoki sana. Na kwa ukanda wetu saa za bamvua na za maji mafu hazibadiliki sana: siku za bamvua maji huwa yametoka kabisa kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake, saa 4 asubuhi ndiyo yamejaa. Mtu mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana hesabu yote hiyo nyumbani kwake. Sisi tulikuwa katikati ya mfunguo tano, yaani mwezi wa Safar, na mbalamwezi tuliyoililia ndiyo bamvua lenyewe. Tulichagua, kwa furaha, mojawapo ya asubuhi mbaya kabisa za mwezi ule kwa mtu anayetaka kushuka Songo Mnara.

Sasa, tungefanya nini? Jibu la kwanza linalokuja ni kugeuza. Kati ya Masoko na Kisiwani kuna kina kikubwa, bandari ya asili iliyowavuta wafanyabiashara wa kale. Boti hupita hata maji yakiwa yametoka. Kwa hiyo siku ya bamvua unakwenda Kisiwani asubuhi, na Songo Mnara unaelekea kwenye saa 6 mchana, unafika maji yakipanda, unaondoka kabla ya saa 10 na nusu, na kusi inakurudisha Masoko kabla jua halijazama. Haikuongezei hata shilingi. Ni mpangilio uleule uliopinduliwa.

Ila sitaki kulitoa jibu hilo kama dawa ya kila mtu. Agosti kusi huzidi nguvu mchana, na kwenda kusini mwa Masoko saa 6 ni kuipiga uso kwa uso. Vijana wangelowa na kucheka. Kwa mama, na kwa watoto, ingekuwa saa moja na nusu ya kurushwa. Pia ukichelewa kidogo Kisiwani asubuhi, jioni unarudi gizani, na boti nyingi za pale hazina taa ya maana. Hukumu yangu ni hii: ukiwa na wazee au watoto, achana na mwezi mpevu, nenda wiki ya maji mafu, na kama waweza epuka miezi ya kusi kali. Ukiwa na watu wazima wenye afya na mnautaka mwezi, geuzeni, na kila mmoja avae boya lake tangu anapopanda hadi anaposhuka. Kisha mpigie nahodha mwenyewe. Usimpe saa. Mwambie una nani, kisha muulize: nataka mama mzee ashuke Songo Mnara bila kukanyaga tope, tuondoke lini na saa ngapi? Swali hilo linampa yeye nafasi ya kupanga, na kupanga bahari ndiyo kazi anayoijua.

Oktoba

Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba 2025, iliangukia Jumanne, mwezi ukiwa nusu. Safari hii nilimpigia nahodha wiki mbili kabla, nikamuuliza lile swali. Alinyamaza kidogo, nikasikia anahesabu. "Hiyo ni maji mafu. Kusi nayo inakufa, tanga mbili inaingia. Njooni saa 1 na nusu msichelewe." (Tanga mbili ni kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, upepo ukiwa mdogo.) Nauli ya boti ilikuwa ileile.

Tulikuwa watano tu: mama, binti yake, mimi na wenzetu wawili. Bahari ilikuwa shwari kiasi kwamba mama alikunywa chai yake ya chupa njiani. Saa 3 tulikuwa kwenye mikoko. Maji hayakufika ukingoni kabisa kama yale ya bamvua saa ya kujaa, lakini yalitosha. Boti ilisogea, baharia yuleyule akaruka, akanyoosha mkono. Mama alikunja kanga, akashuka, maji yakamfika chini kidogo ya goti. Alisimama hapo kwanza, akiwa amemshika baharia, akiangalia miguu yake ndani ya maji.

Kwenye magofu hakutaka kuzungushwa. Alichagua nyumba moja, akakaa barazani, akatuambia sisi tuendelee. Tuliporudi tulimkuta ndani, amesimama mbele ya zidaka, ameweka kiganja ndani ya kimojawapo na anakipima kina chake. Alimuuliza mwongozaji kama waliweka taa humu au vyombo. Mwongozaji alipomjibu akasema nyumbani kwao Bagamoyo vya namna hii walivipanga mabakuli, na cha pembeni bibi yake aliweka msahafu. Mwongozaji akatoa daftari akaandika.

Saa 5 na nusu tulimsikia nahodha akipiga mluzi kutoka mikokoni. Maji yalikuwa yameanza kutoka, taratibu, kama maji mafu yanavyotoka. Mama alisema nahodha aambiwe anakuja, akaendelea kusimama pale kitambo, hakuna aliyemharakisha.